Mbuluberi

Mbuluberi ni kichaka cha ukoo wa Ericaceae na jenasi ya Vaccinium, ambacho asili yake ni misitu na maeneo ya majimaji ya mashariki ya Amerika ya Kaskazini, na ambacho huzaa vishada vya matunda madogo ya mviringo, ya rangi ya samawati iliyofunikwa na unga mwembamba wa nta. Aina ipandwayo zaidi bustanini ni Vaccinium corymbosum, ambayo hufikia kimo cha mita 1.5 hadi 2.5 na, ikitunzwa kwa namna iipendayo, huweza kuzaa kwa miaka 30 na kuzidi. Afrika nayo haikunyimwa jamaa wa mmea huu, kwani juu kabisa katika Ruwenzori na milima ya Rwanda na Burundi huota Vaccinium stanleyi, kichaka cha mwituni ambacho hakijapata kufugwa.

Hadi mwanzoni mwa karne ya 20 buluberi zilikuwa tunda la kuchuma porini tu. Wenyeji wa asili wa Amerika walizila mbichi na kuzianika kwa akiba ya majira ya baridi tangu zama za kale, lakini wakulima waliojaribu kuuhamishia mmea huu mashambani waliambulia patupu, na wengi wakakata shauri kwamba haufugiki. Sababu yake ina ajabu: waliupa kila hisani waliyozoea kuipa mimea mingine, yaani udongo mnono, samadi na chokaa, na hisani hiyo ndiyo iliyouangamiza. Aliyelifumbua jambo hili ni Frederick Coville, mtaalamu wa mimea katika Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambaye katika kitabu kidogo kilichotolewa mwaka 1910 alidhihirisha kuwa mbuluberi hutaka udongo mchachu, wenye tindikali, ambao mazao mengi huukimbia. Kitabu hicho kilimfikia Elizabeth White, binti wa mkulima wa kranberi huko Whitesbog katika jimbo la New Jersey, naye mwaka 1911 akamwandikia Coville kumkaribisha afanyie majaribio yake katika ardhi ya baba yake. Bibi huyo aliwalipa watu wa misitu ya jirani, waliokijua kila kichaka cha pande zile, wamtafutie vile vyenye matunda makubwa, akawapa na kipimo chenye tundu la milimita 16 hivi ili wasibahatishe. Na kila kichaka kilichokubaliwa kilipewa jina la aliyekiona. Rubel, kimojawapo cha vichaka hivyo, kingali kikipandwa hata leo. Mavuno ya kwanza ya kuuzwa yalipatikana mwaka 1916.

Kwa hiyo atakaye kupanda mbuluberi na aanze na udongo kabla ya kuuliza bei ya miche. Kipimo cha pH kinachoufaa ni baina ya 4.5 na 5.5; kikipanda juu ya hapo, chuma kilichomo ardhini hujifunga kisinyonyeke, majani machanga huwa manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, na kichaka hudumaa pole pole hadi kufa, ilhali mwenyewe akidhani kina njaa na kuzidi kukimwagia samadi. Mizizi ya mmea huu ni myembamba mno, haina vile vinyweleo ambavyo mimea mingine hunyonyea, bali hushirikiana na kuvu maalumu wa udongo mchachu wanaoutafutia chakula. Tena aghalabu haizami zaidi ya sentimita 40, hata ukavu wa siku chache au maji yaliyotuama huidhuru upesi. Katika Afrika Mashariki dalili iliyo karibu ya udongo wa namna hii ni chai: pale mchai unapostawi, kama Kericho, Limuru, Mufindi, Njombe na Usambara, uchachu wa ardhi ni ule ule autakao mbuluberi. Udongo wa matumbawe wa mwambao na ule mweusi wa mfinyanzi upasukao wakati wa kiangazi haufai kabisa. Asiye na hakika na apeleke kifurushi cha udongo wake maabarani, kwa mfano TARI Mlingano mkoani Tanga au KALRO Kabete jijini Nairobi, kwani macho hayapimi tindikali.

Udongo ambao haukukengeuka sana huweza kurekebishwa kwa unga wa salfa, ambao vijidudu vya ardhini huugeuza kuwa tindikali. Kazi hiyo huchukua miezi, basi salfa na ichanganywe mapema kabla ya kupanda. Kushusha pH kutoka 6 hadi 4.5 huhitaji takriban gramu 60 kwa kila mita ya mraba ya udongo wa kichanga, na kiasi cha gramu 170 kwa udongo wa tifutifu. Mfinyanzi hutaka zaidi, na kwa maoni yetu haustahiki taabu hiyo: ni afadhali kuinua tuta la maganda ya msonobari yaliyooza yaliyochanganywa na udongo mchachu, au kupanda ndani ya chungu kikubwa cha lita 40 au 50 chenye matundu ya kutosha chini.

Jambo la pili ni baridi. Aina za kaskazini, mfano wa Bluecrop, hazichanui sawasawa mpaka zipate saa 800 au zaidi za ubaridi ulio chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, nazo katika nchi zetu huishia kuwa majani matupu. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Florida, wakiongozwa na Ralph Sharpe, walizichanganya na Vaccinium darrowii, kichaka cha huko kisichopukutisha majani, wakapata uzao usiodai baridi nyingi. Sharpblue, iliyotolewa mwaka 1976, ni ya uzao huo, na Misty kadhalika. Hizi ndizo zinazofaa nyanda za juu za Kenya na Tanzania, na ni aina za nasaba kama hiyo zilizowawezesha wakulima wa Kenya kupeleka buluberi ng'ambo. Mnunuzi na aulize jina la aina. Mche usio na jina ni bahati nasibu.

Miche hupandwa mwanzo wa mvua, mahali penye jua, kwa nafasi ya mita 1.2 hadi 1.5. Shina lisifukiwe zaidi ya lilivyokuwa kitaluni. Juu yake hutandazwa maganda au majani makavu ya msonobari kwa unene wa sentimita 10, yasiguse shina. Jembe lisikaribie: magugu hung'olewa kwa mkono, maana mizizi i juu juu.

Maji ya mvua yaliyokingwa ni bora kuliko ya kisima, ambayo mara nyingi yana chokaa na hutengua kidogo kidogo kazi yote ya salfa. Kuhusu mbolea, salfeti ya amonia, ambayo wauzaji huiita SA, ndiyo ya kuchagua, tena kwa mgawo mdogo mdogo; CAN iepukwe, kwani ina chokaa na naitreti ambayo mmea huu hauifaidi sana. Majivu ya jikoni, ambayo kwa desturi huonekana neema kwa bustani, ni sumu kwa mbuluberi.

Maua ya mwaka wa kwanza, na ikiwezekana ya mwaka wa pili, huondolewa ili nguvu iende kwenye mizizi. Wengi hawana moyo wa kufanya hivyo, na kichaka chao hulipa gharama kwa miaka kadhaa. Ua lenyewe lina umbo la kengele iliyoinamishwa, na chavua hutoka kwa kutikiswa, kazi ifanywayo vyema na nyuki wakubwa wanaovuma wakiwa wameling'ang'ania. Hata pale nyuki wa asali ndio wengi, kupanda aina mbili tofauti karibu karibu hukuza tunda. Kupogoa kwa dhati huanza mwaka wa tatu au wa nne: matunda huzaliwa kwenye matawi ya mwaka uliotangulia, basi mashina yaliyopita miaka sita hukatwa chini ili machanga yapate nafasi.

Tunda lililogeuka samawati halijawa tayari. Likiwa bado na duara jekundu kwenye kikonyo, liachwe siku chache zaidi, kwani likishachumwa haliongezi utamu. Kichaka kilichokomaa hutoa kilo 2 hadi 4 kwa msimu, endapo ndege watakubali. Shore na kuzumburu huyajua matunda mabivu kabla ya mwenye bustani, na dawa yao ni wavu uliotandazwa kabla rangi haijaanza. Buluberi haziosheki mpaka wakati wa kuliwa, maana ile nta ndiyo inayozihifadhi. Na kwa anayeishi juu ya ardhi ya chokaa, asiyekuwa na subira ya vyungu na salfa, mkomamanga ni mti wa bustani ulio bora zaidi kuliko huu.