Betri za Helikopta za Rimoti na Baridi ya Milimani: Mwongozo kwa Wauzaji na Wasafirishaji wa Gisenyi

GISENYI, Rwanda – Betri ya lithiamu inayouzwa mchana kando ya Ziwa Kivu ikiwa nzima inaweza kurudishwa kesho yake na mteja wa milimani, akidai ni mbovu. Mara nyingi betri haina kasoro yoyote, ila imepigwa na baridi. Muuzaji asiyejua tofauti hiyo hurudisha fedha bila sababu, na msafirishaji hulaumiwa kwa uharibifu ambao haukutokea.

Mwongozo huu unahusu betri za lithiamu-polima, maarufu kama lipo, zinazotumika katika helikopta ndogo za rimoti. Mengi yaliyomo yanahusu pia ndege ndogo zisizo na rubani zinazotumia betri za aina hiyo.

Baridi hufanya nini

Betri hutoa umeme kwa chembe za lithiamu kusafiri ndani ya kimiminika kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Baridi ikizidi, safari hiyo huwa ya polepole na ukinzani wa ndani hupanda. Injini ya helikopta inapodai umeme mwingi kwa ghafla, volti hushuka haraka kuliko kawaida. Kifaa cha kulinda betri hudhani chaji imekwisha na kupunguza nguvu, na helikopta hushuka au kuanguka.

Seli moja ya lipo iliyojaa huwa na volti 4.2. Haifai kushuka chini ya volti 3.0, kwani ikifika huko inaweza kuharibika. Upungufu unaoletwa na baridi ni wa muda tu: betri ikipata joto, nguvu hurudi.

Mwinuko nao una gharama

Mji wa Gisenyi, makao ya Wilaya ya Rubavu, uko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Barabara ya kwenda Musanze na Kigali hupanda hadi zaidi ya mita 2,000 katika Wilaya ya Nyabihu. Kwa wastani joto hupungua nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kwa hesabu hiyo, kilele cha Karisimbi, chenye mita 4,507, huwa na baridi zaidi ya Gisenyi kwa karibu nyuzi 20.

Baridi ya Nyabihu si ya theluji kama Ulaya, lakini asubuhi inatosha kupunguza dakika za kuruka. Isitoshe, hewa ya Gisenyi ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam kwa takriban asilimia 13. Panga za helikopta hulazimika kufanya kazi zaidi ili kuibeba, na betri hutoa umeme mwingi zaidi. Kwa hiyo dakika zilizoandikwa kwenye boksi zisitolewe kama ahadi kwa mteja wa milimani. Aliyezoea kuruka dakika 8 mchana aanze na 6 asubuhi, kisha apime.

Mbovu au baridi tu?

Kabla ya kurudisha fedha, muuzaji afanye yafuatayo:

1. Aiache betri ndani ya chumba kwa saa kadhaa hadi ipate joto la chumba.
2. Aichaji hadi ijae, kisha apime volti ya kila seli. Seli zikitofautiana sana, kuna kasoro.
3. Apime ukinzani wa ndani kwa chaja yenye kipimo hicho na kulinganisha na betri mpya ya aina ileile, zote zikiwa na joto sawa.
4. Betri iliyovimba isijaribiwe kamwe. Iondolewe dukani.

Mzigo uliokaa muda mrefu ndani ya kontena lenye joto kali bandarini, hasa betri zikiwa zimejaa chaji, huzeeka mapema. Uzee huo unaweza usionekane kwenye joto la pwani, ukajitokeza betri inapofika kwenye baridi. Hapo kasoro ni ya kweli, na madai yapelekwe kwa aliyeuza mzigo.

Kuchaji na kutunza

Betri ya lipo isichajiwe ikiwa chini ya nyuzi 0. Lithiamu huganda kama chuma ndani ya seli, na baadaye inaweza kusababisha shoti na moto. Anayeshuka kutoka milimani aiache betri kwanza ipate joto, na unyevu ulioganda juu yake ukauke. Kupasha betri juu ya jiko au kwenye maji moto ni hatari. Kuibeba mfuko wa ndani wa koti kunatosha. Betri ya stoo ibaki na takriban volti 3.8 kwa seli.

Usafirishaji

Betri za lithiamu ni bidhaa za hatari za daraja la 9. Namba ni UN 3480 kwa betri peke yake, na UN 3481 zikiwa pamoja na kifaa au ndani yake. Tangu tarehe 1 Aprili 2016, betri za UN 3480 haziruhusiwi kama mizigo katika ndege za abiria, na katika ndege za mizigo chaji isizidi asilimia 30.

Abiria hubeba betri za akiba kwenye mkoba wa mkononi, ncha zikiwa zimefunikwa. Hadi wati-saa 100 kwa kila betri hakuna kibali maalum. Kati ya 100 na 160 shirika la ndege liridhie, na zisizidi mbili. Hesabu ni volti mara ampia-saa: betri ya volti 11.1 na ampia-saa 2.2 ni wati-saa 24.4, lakini ya volti 22.2 na ampia-saa 5 ni 111.

Kabla ya kuvuka kwenda Goma, mfanyabiashara aulize forodha za pande zote mbili, pamoja na mamlaka za usafiri wa anga, kuhusu vibali vya vifaa vya kuruka. Ankara ionyeshe betri na helikopta kila moja kwa bei yake.