Reli ya Kusini: Jinsi Ilivyofika Mtwara na Jinsi Ilivyoondoka

Siku moja tulipokuwa tukiwafundisha watoto kusoma ramani hapa Kitaya, mtoto mmoja aliweka kidole chake juu ya Dar es Salaam, akaifuata njia ya gari la moshi hata Kigoma, akarudi Tabora, akapanda hata Mwanza. Kisha akashuka kusini kuitafuta ya kwetu, asiione. Akatuuliza, "Mwalimu, je, sisi hatukupewa?" Tukamjibu kwamba tulipewa, kisha tukanyang'anywa. Jibu hilo lilitutoka kinywani upesi mno, na usiku tulipolifikiri tuliona kwamba si kweli yote. Kwa hiyo twaandika habari hizi, maana katika vijiji vyetu wazee waliopanda gari lile wamebaki wachache, na vijana wengi hawajui kama lilikuwako.

Yafaa tukumbuke kwanza kwamba watu waliitafuta njia ya kutoka pwani yetu kwenda bara zamani sana kabla ya reli. Dr. Livingstone alidhani mto wetu wa Ruvuma ungekuwa njia ya meli. Mwaka 1861 aliujaribu kwa meli yake ya moshi iitwayo Pioneer, akashindwa kwa sababu maji yalipungua. Mwaka 1862 akarudi na mashua, akapanda mbali kidogo, hata miamba ikamzuia. Angaliwauliza watu wa ukingoni wangalimwambia. Kila mwaka baada ya masika Ruvuma huacha mafungu ya mchanga katikati, hata mtumbwi wa gogo moja hukwama, na mwenye mtumbwi hushuka kuusukuma. Mwaka 1866 Livingstone alishukia Mikindani akaenda kwa miguu. Kwa miguu vile vile Askofu Steere alitoka Lindi mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani, nao ndio waliokaa Masasi wakaujenga mji.

Wadachi nao waliitamani njia ya kusini. Katika miaka ya 1904 na 1905 mtu wao mmoja, Paul Fuchs, alitumwa kuipima nchi ili ajue kama reli itokayo Kilwa kwenda Ziwa Nyasa ingeleta faida. Mwaka 1905 ndio mwaka wa Maji Maji, na nchi ile ile iliyopimwa ikaingia vitani, kisha katika njaa kuu. Reli iliyojengwa ni ile ya kati, iliyoanza Dar es Salaam mwaka huo wa 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914. Kusini tukabaki na njia za wapagazi.

Basi, twaja kwenye karanga. Baada ya vita kuu ya pili Waingereza walikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 Bwana Frank Samuel, mkubwa wa kampuni moja ya biashara, alitoa shauri kwamba karanga zilimwe Tanganyika kwa mashine, na Serikali ya Uingereza ikatuma watu watatu, kiongozi wao Bwana Wakefield, wakaizunguka nchi kwa majuma machache tu. Wakaandika kwamba eka 3,210,000 zaweza kulimwa, zilizo nyingi zikiwa Tanganyika, na sehemu iliyo kubwa kuliko zote ikiwa huku kwetu kusini. Msomaji aliyewahi kulima eka moja kwa jembe la mkono na afikiri kidogo hesabu hiyo. Sisi wenyewe tukiisoma hujiuliza kama kati ya watatu hao yuko aliyekaa mahali pamoja masika yote, aone maji yanavyokwenda.

Mahali palipochaguliwa kusini ni Nachingwea. Lakini karanga za eka nyingi namna hiyo hazichukuliki kichwani, na Lindi haikuwa na maji ya kutosha kwa meli kubwa kufunga gatini. Kwa hiyo ikaamriwa bandari mpya ijengwe Mtwara, penye ghuba ya kina kirefu iliyozungukwa na nchi kavu, na reli itoke huko hata Nachingwea. Wakati huo Mtwara haukuwa mji; wenye jina walikuwa Mikindani na Lindi.

Kujenga bandari ni kazi ya miaka, na wenye mpango walikuwa na haraka. Wakaanza reli upande mwingine, Mkwaya, penye hori la Lindi, mahali ambapo vyombo vidogo viliweza kuteremsha vyuma na mashine. Toka huko wakaifuata nchi ya Lukuledi, na mwaka 1949 gari la moshi likafika Nachingwea. Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde ndio waliokuwa wenyeji wa nchi zilizopitiwa, na wengi wao walifyeka pori na kuinua matuta. Mahali pengine matuta hayo yapo hata leo. Yameota majani na miti, na mgeni apitaye hudhani ni kilima kidogo kilichonyoka ajabu.

Wakati reli ikijengwa, karanga zenyewe zilikuwa zikifa. Kongwa, ambako kazi ilitangulia, mwaka 1947 walikusudia kulima eka 150,000, wakapata kupanda yapata 7,500. Mizizi ya miti ilivunja mashine, udongo ukikauka uligeuka kuwa kama saruji, na mvua haikuja kwa wakati. Nachingwea palikuwa na ardhi iliyo afadhali, lakini kazi ilichelewa, na fedha zilikuwa zimekwisha kumwagwa. Januari 1951 Serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mpango umeachwa, ikafuta katika vitabu vyake kiasi cha pauni milioni 36.

Hapa ndipo penye jambo ambalo twaomba msomaji alishike. Karanga ziliachwa mwaka 1951. Gati la Mtwara lenye nafasi ya meli kubwa mbili lilifunguliwa mwaka 1954, na mwaka huo reli ya Mtwara ikaungwa na ile iliyotoka Mkwaya, mahali paitwapo Ruo. Reli ilikuja Mtwara miaka mitatu baada ya sababu yake kufa. Ilikuwa kama nyumba iliyojengewa bibi arusi, naye amekwisha fariki kabla paa halijaezekwa.

Hata hivyo nyumba ikapata wakazi. Magari yakachukua korosho, ufuta, muhogo mkavu, na watu. Mtwara ukakua, ukawa makao makuu ya jimbo badala ya Lindi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 tawi la reli likafikishwa Masasi, mji ule wa watu wa Askofu Steere. Safari ambayo mwaka 1876 ilikuwa ya siku nyingi, mtu na mzigo wake kichwani, ikawa safari ya kukaa kitako. Hilo si jambo dogo. Mwanafunzi alikwenda shuleni, mgonjwa akapelekwa hospitali, na mama mwenye kuku watatu katika tenga aliweza kuwauza pwani akarudi nyumbani bila kumwomba mwenye lori. Sisi wa Kitaya gari halikutupitia, maana njia yake ilikuwa kaskazini yetu, ng'ambo ya nyanda za juu za Wamakonde. Lakini mtu wa kwetu aliyefika Mtwara kwa miguu alijua kwamba toka hapo miguu yake imepumzika.

Mbona basi ikaondolewa? Reli ilikuwa mkononi mwa Shirika la Reli na Bandari la Afrika ya Mashariki, lililoundwa mwaka 1948 kwa kuunganisha reli za Kenya na Uganda na za Tanganyika. Hesabu za shirika zilionyesha hasara kila mwaka kusini. Njia ilijengwa kuchukua mazao ya eka mamia ya maelfu. Mazao hayo hayakuwako, na waliokuwako, yaani wakulima wadogo na abiria wao, hawakuweza kulijaza gari. Tena njia ilikuwa kama kisiwa. Haikuungana na reli nyingine yoyote ya nchi. Kichwa cha gari kilichoharibika hakikuweza kusaidiwa na kingine toka Morogoro ila kwa kupita baharini. Mwaka 1962, nchi haijatimiza miaka miwili toka ipate uhuru, reli ikafungwa, na vyuma vikang'olewa.

Wako wanaosema kwamba kuifunga kulikuwa uonevu mtupu. Sisi hatusemi hivyo. Serikali changa yenye shule chache na madaktari wachache haikuweza kulipia daima gari linalokwenda nusu tupu. Lakini twasema kwamba waliofanya hesabu walitazama mwaka mmoja mmoja, wala hawakuangalia mashambani kulikuwa na nini. Kulikuwa na mikorosho.

Mkorosho uliletwa pwani ya Afrika ya Mashariki na Wareno toka Brazil karne nyingi zilizopita, lakini watu wa kusini waliupanda kwa wingi hasa katika miaka ya baada ya vita. Mti huu huanza kuzaa ukiwa na miaka mitatu hivi, na haufikii uzazi wake kamili mpaka upite miaka saba au zaidi. Basi mikorosho mingi ya miaka ya 1950 ilikuwa bado michanga reli ilipofungwa. Ikaja kuzaa. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata tani 145,000 za korosho, na zilizo nyingi zilitoka kusini. Zao ambalo reli ililikosa lilikuwa limekwisha kupandwa kando ya njia yake, na lilihitaji kungojewa miaka kumi. Tangu hapo korosho zimeshuka na kupanda tena, na msimu wa 2017/18 zilipita tani 300,000. Zote hizo zimekwenda bandarini kwa lori.

Na Nachingwea? Pori lililofyekwa kwa ajili ya karanga lilipata kazi ambayo Bwana Wakefield hakuiota: wapigania uhuru wa Msumbiji, watu wa FRELIMO, waliwekewa kambi huko, wakajifunza vita.

Njia za magari ya barabarani zilichukua muda mrefu kutengenea. Watu wazima wa leo wakumbuka jinsi basi la Dar es Salaam lilivyolala matopeni wakati wa masika, na foleni ya kungoja pantoni ya Rufiji kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003. Sasa lami iko, nasi twaishukuru. Lakini Mei 2024 kimbunga kiitwacho Hidaya kilipopiga pwani, maji yaliikata barabara pande za Somanga, na kwa siku kadhaa Lindi na Mtwara zikawa hazina njia ya nchi kavu ya kwenda Dar es Salaam kwa pwani. Siku hizo ndizo tulizokumbuka kwamba wengine wana njia mbili, sisi tuna moja.

Mwaka huo huo wa 2024, mwezi wa Juni, gari la umeme lilianza kuchukua abiria toka Dar es Salaam hata Morogoro, na Julai likafika Dodoma, makao makuu ya nchi. Watu wa kwetu waliolipanda wamerudi na habari zake, na watoto huzisikiliza kama hadithi. Njia hiyo ina mji mkubwa kila mwisho wake na mizigo ya nchi jirani mbele yake. Ya kwetu ilikuwa na bandari mwisho mmoja, na mwisho wa pili shamba la karanga lisilokuwako. Laiti ingaliendelea toka Nachingwea au Masasi hata Songea na Ziwa Nyasa, kwenye makaa ya mawe na chuma, pengine hesabu za 1962 zingalisomeka namna nyingine. Hilo ndilo tungalimjibu yule mtoto, kama tungalifikiri kabla ya kusema.

Kwa miaka mingi sasa mipango ya Serikali imetaja reli mpya toka Mtwara hata Mbamba Bay, yapata kilomita elfu moja pamoja na matawi ya kwenda Mchuchuma kwenye makaa na Liganga kwenye chuma. Bandari ya Mtwara nayo imekwisha kuongezwa gati jipya la mita 300. Tuliwaonyesha watoto njia hiyo, nao wakaichora kwa kalamu ya risasi juu ya ramani ya ukutani. Yule muulizaji akatazama tena, akasema haipiti Kitaya. Tukamwambia kwamba ni kweli, haipiti, wala ya kwanza haikupita. Ila toka hapa kwenda Mtwara ni karibu kuliko toka hapa kwenda Dar es Salaam. Akaiacha kalamu juu ya meza, akaenda kucheza.