Proksi na Maulizo ya Nasaba

Mwaka 1967, katika Kituo cha Kompyuta cha Norwe mjini Oslo, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, walipoitunga lugha ya Simula 67 na kuvipa vitu vya programu klasi na urithi, walitia ndani yake maulizo mawili ya nasaba yaliyoshabihiana kwa sura na kuhitilafiana kwa hukumu: IS, lililotaka kujua iwapo kitu ni cha klasi ile hasa, na IN, lililoridhika hata kikiwa cha uzao wake. Bjarne Stroustrup, aliyepata kuitumia Simula, alichukizwa na tabia ya kupekua asili ya kila kitu badala ya kukiamuru kazi, akayaacha maulizo hayo kwa makusudi alipoiasisi lugha ya C++. Lakini haja ilishinda, na kanuni rasmi za C++ za 1998 zikatoka na maulizo hayo.

Kando ya jadi hiyo ya maulizo, jadi ya pili ilianzia Palo Alto, kwenye kampuni ya Xerox. Katika lugha yake ya Smalltalk kitu kilicholetewa ujumbe kisioujua hupata nafasi ya kujibu kuwa hakikufahamu. Mafundi, kwa werevu ninaousifu hadi leo, wakaunda vitu visivyojua takriban chochote, ili kila ujumbe uvishinde na viuhawilishe kwa mwenye kazi. Mwaka 1986 Geoffrey Pascoe aliieleza hila hiyo, na mwaka uo huo Marc Shapiro akaweka kanuni ya proksi, yaani kitu kinachosimama kwa niaba ya kingine, kwa kompyuta zilizo mbalimbali.

Jadi hizo ziligongana katika lugha ya Java. Maktaba ya Hibernate, iliyoanzishwa na Gavin King mwaka 2001, huweza kuahirisha kusoma hazina ya data mpaka ihitajike. Chukua klasi Malipo, yenye watoto MalipoTaslimu na MalipoHundi: ankara inapoyataja malipo yake, na safu yake katika hazina haijasomwa, Hibernate, isiyojua bado ni mtoto yupi, huzua proksi iliyo mtoto wa Malipo tu. Baadaye safu husomwa, ikabainika ni taslimu, nayo proksi hujibu kiasi barabara, kama wakili wa nikaha anavyokubali kwa niaba ya bwana arusi. Ila ukiiuliza kama ni MalipoTaslimu, hukana, maana nasaba ya kitu haibadiliki kikishazaliwa. Maagizo hupita, maulizo hukwama. Ndiyo sababu Hibernate ikaja kuongeza amri ya kumtoa mwenyewe nyuma ya wakili wake, nayo, ikitumiwa mapema, huilazimisha hazina isomwe papo hapo.