Dalili za ADHD kwa watoto na vijana (uuguzi)

ADHD, yaani upungufu wa umakini unaoambatana na utukutu uliopindukia, ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni na mara nyingi huendelea hadi utu uzima. Daktari George Still aliwaeleza watoto wenye dalili za namna hii mjini London mwaka 1902. Jina la sasa lilianza kutumika Marekani mwaka 1987. Kazi ya muuguzi ni kutofautisha dalili na utundu wa kawaida, kwani wengi huitwa wavivu au watovu wa adabu muda mrefu kabla ya kufikishwa kliniki.

Dalili
Ziko katika mafungu mawili. La kwanza ni upungufu wa umakini: mtoto hupoteza kalamu na sweta, husahau alichotumwa akiwa njiani, na katika daftari lake maswali mawili ya mwanzo yamefanywa vizuri, yaliyobaki hayakuguswa. La pili ni utukutu na papara: hutikisa mguu, hujibu kabla swali halijaisha, hawezi kungoja zamu. Kwa kijana, kukimbiakimbia hupungua, ikabaki hali ya kutotulia kwa ndani. Wasichana wengi huwa na fungu la kwanza zaidi. Kwa kuwa hawasumbui darasa, huchelewa kutambuliwa.

Vigezo
DSM-5, mwongozo wa Marekani wa utambuzi wa matatizo ya akili wa mwaka 2013, hutaka dalili 6 kati ya 9 za fungu lolote, au 5 kuanzia miaka 17. Ziwe zimedumu miezi 6, kadhaa zimeonekana kabla ya miaka 12, zijitokeze nyumbani na shuleni, au mahali pengine pawili, na zivuruge maisha.

Uchunguzi
Mtoto aweza kutulia tuli mbele ya muuguzi kwa sababu tu mahali ni pageni. Hivyo mzazi na mwalimu huulizwa mifano: "Jana alipokaa kufanya hesabu, ilikuwaje?" Ili kutafuta sababu nyingine, macho na masikio hupimwa, na usingizi, msiba na ukatili huulizwa. Anayeduwaa huitwa na kuguswa bega: mwenye ADHD kwa kawaida huzinduka, asiyezinduka kwa sekunde kadhaa huenda ana kifafa, na hupelekwa kwa daktari.

Ufuatiliaji
Utambuzi rasmi ni wa daktari au mtaalamu aliyefuzu. Mtoto akianzishiwa dawa ya methilfenideti, muuguzi hurekodi uzito, urefu, mapigo ya moyo na shinikizo la damu, na huuliza kama anakula na kulala vizuri, kwani dawa hiyo huweza kupunguza hamu ya chakula na kufukuza usingizi.