Nakala rudufu

Nakala rudufu (nomino, ngeli ya I-/ZI-): nakala ya data inayotunzwa mbali na data asilia ili itumike kuirejesha endapo itapotea au kuharibika.

Muundo: Neno rudufu halipokei kiambishi cha upatanisho: nakala rudufu moja, nakala rudufu tatu. Husemwa kutengeneza nakala rudufu, na kurejesha data kutoka kwenye nakala rudufu.

Tofauti za maana: Kitenzi kuhifadhi pekee hakitoshelezi dhana hii, kwa kuwa humaanisha pia kuweka data kwa mara ya kwanza. Nakala pacha nayo ni kitu kingine: ni hifadhidata ya pili inayofuata mabadiliko ya ile kuu karibu papo hapo. Seva kuu ikizimika, pacha hushika nafasi yake. Lakini jedwali la wateja likifutwa kwa bahati mbaya, hufutwa kwenye pacha pia. Mfasiri anayeziita zote mbili "nakala" humfanya msimamizi wa mfumo aamini kuwa ana kinga asiyokuwa nayo.

Katika hifadhidata za uhusiano: Majedwali ya wateja, ankara na malipo huunganishwa kwa funguo. Yakinakiliwa kwa nyakati tofauti huku kazi ikiendelea, ankara inaweza kumtaja mteja ambaye hayumo katika nakala. Kwa hiyo nakala rudufu sahihi huonyesha majedwali yote kama yalivyokuwa wakati mmoja.

Mfano: Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab alikusudia kufuta data ya seva pacha, akafuta ya seva kuu. Nakala rudufu zilizotegemewa hazikuwapo: toleo la programu ya kuzitengeneza halikulingana na la hifadhidata, na barua pepe za kuarifu hitilafu hiyo hazikuwa zikifika. Kilichookoa ni picha ya diski iliyochukuliwa muda wa saa sita hivi kabla ya tukio. Data iliyoingia katikati ya nyakati hizo ilipotea.

Tanbihi kwa watafsiri: Sentensi "Nakala rudufu imetengenezwa" haithibitishi kwamba data inarejesheka. Matini asilia yakidai uthibitisho huo, iandikwe: "Nakala rudufu imejaribiwa kwa kurejesha data."

Taz. pia: hifadhidata, nakala pacha, rejesha.