Miombo ya Nachingwea na Ruangwa
Misitu ya miombo hufunika sehemu kubwa ya wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, kusini mwa Tanzania. Humo mna pia mninga na mpingo. Mti wa miombo uliokatwa huchipua tena kutoka kwenye kisiki na mizizi, ndiyo maana shamba lililoachwa hurudi kuwa pori. Mradi wa karanga wa Waingereza (1947–1951) ulikwenda mbali zaidi: Nachingwea mashine ziling'oa miti pamoja na mizizi, na karanga zenyewe zikashindwa. Kinachoumaliza msitu, basi, ni kuugeuza shamba la kudumu, na siku hizi zao linaloongoza kwa hilo ni ufuta.

Wapo wanaodai kuwa kuvuna mpingo ndiko kunakoangamiza viumbe wa msitu. Hoja hiyo ina uzito, kwani mpingo hukua taratibu mno, miaka 70 na zaidi kabla ya kukomaa. Lakini mvunaji anayefuata mpango huchukua miti michache iliyofikia kipimo, ilhali mkulima wa ufuta hufyeka yote (wala halaumiki, fedha yake huonekana ndani ya msimu mmoja). Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliruhusu vijiji kutenga misitu yao na kunufaika na mapato yake. Mradi wa FORVAC, uliofadhiliwa na Finland kuanzia 2018, uliendeleza kazi hiyo Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Hata hivyo, kijiji kisichopata mnunuzi wa mbao hakina sababu ya kutosha ya kukataa ufuta.