Rangi ya Tanuri, Wala Si Poda

Kilinifikia hapa Vuga, katika milima ya Usambara, kwa mkono wa kijana mmoja anayesomea ufundi wa magari, kijitabu cha istilahi kilichotungwa na jopo ambalo sitalitaja kwa jina, maana waungwana hawaaibishani barazani. Na humo, baina ya maneno mengine ambayo Mungu ayasitiri, nikakuta kwamba ile kazi ya kuivua rimu ya alumini rangi yake kuukuu, kuipiga msasa, kuirushia rangi kavu na kuiingiza motoni hata itoke iking'aa, imepewa jina la upakaji-poda. Nikavua miwani, nikaifuta, nikasoma tena. Upakaji-poda! Nikamwuliza yule kijana kama hizo rimu zinaolewa.

Sina haja ya kuieleza kazi yenyewe, kwani kila aliyepita barabara ya Mombo kupanda Lushoto, akaona zile gari ndogo zinavyopigania kona huku breki zikirusha masizi yake juu ya rimu za spoti, anajua kwa nini wenye mali huzipeleka zikavikwe upya. Ninalotaka kulisema ni jina. Kupaka, kwa Kiswahili nilichonyonya, ni kitenzi cha vitu vya majimaji na vya mafuta: hupakwa siagi mkate, hupakwa mwili mafuta ya nazi, hupakwa ukuta rangi, na sharti lake ni mkono, au brashi inayosimama mahali pa mkono, iguse na kuburura. Unga huu wa rangi kavu hauburuzwi na mtu. Bunduki yake huutia umeme tuli wa maelfu kwa maelfu ya volti, nayo rimu imeungwa na ardhi kwa waya, basi chembe huiendea zenyewe na kuing'ang'ania, kama vumbi jekundu la njia ya Soni linavyoiendea kanzu nyeupe siku ya Ijumaa. Na ni nani aliyepata kusema kwamba vumbi limempaka? Ama hiyo poda, ni ya shavu la bibi harusi na shingo ya mtoto mchanga. Kuna na kundi jingine, mahasimu wa lile jopo, ambao wao husema rangi ya unga, na kwa hilo wanajiona wamekuwa Waswahili kuliko Waswahili. Hao nawaachia wamweleze askari wa barabarani, katika zama hizi ambazo neno unga limekwisha haribiwa na wauza sumu, kwamba katika buti la gari mna kilo ishirini za unga, lakini ni unga wa halali.

Mimi nasema rangi ya tanuri, na nimelisema hivyo kwa miaka mingi, tangu kabla hao hawajapewa posho ya kikao cha kwanza.

Neno tanuri, ambalo wengine hulitamka tanuru na wazee wa pwani tanuu, tumelipata kwa Waarabu, ambao kwao ni tannur. Lakini Waarabu nao hawakulizua, kwani limo katika Kiebrania, limo katika Kiajemi, na kabla ya wote hao lilikwisha andikwa katika vibao vya udongo vya Babeli kwa sura ya tinuru, katika lugha ya Kiakadi ambayo haina mtu leo wa kuisema. Limo katika Kurani Tukufu, Sura ya Hud, katika habari ya Nabii Nuhu, ambapo kufoka kwa tanuri ni alama ya kuja kwa gharika. Likaenda Bara Hindi, likarudi kwetu kwa mlango wa nyuma, na yule anayeketi hotelini Dar es Salaam akaagiza kuku wa tandoori analila neno hilohilo bila ya kulijua. Na pwani yetu, kabla ya simenti, tanuri lilikuwa ndilo lililojenga miji: matumbawe yakipangwa juu ya magogo, yakachomwa hata yakawa chokaa, na chokaa hiyo ikazivika nyumba za mawe za Lamu, Kilwa na Unguja weupe ule ambao mabaharia waliuona kabla ya kuiona nchi. Basi neno hili si geni katika kazi ya kuvika kitu rangi kwa nguvu ya moto. Limekuwa katika kazi hiyo karne kadhaa, na wenye majopo wangeliona lau wangetoka ofisini. Inanichoma zaidi kwa kuwa haya yanatufikia Vuga, mji wa mfalme Kimweri, ambako mmisionari Krapf alifika mwaka 1848, yeye ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilitoka 1882 baada ya kufa kwake. Vuga ambayo jina lake lilibebwa na mitambo ya uchapaji ya misheni, ikachapa vitabu vya Kiswahili na vya Kishambaa katika siku ambazo makosa ya herufi moja yalimfanya mchapaji akose usingizi.

Watasema kwamba moto ni hatua moja tu miongoni mwa hatua. Hasha. Kabla ya tanuri, ile rangi iliyokwisha kaa juu ya rimu waweza kuiondoa kwa pumzi ya kinywa chako. Baada ya dakika kumi au ishirini katika joto la nyuzi 180 hata 200 za sentigredi, imeyeyuka, imetambaa, imeshikamana kwa minyororo isiyofunguka, na hata ukiirudisha motoni haiyeyuki tena. Na tena, yule Mjerumani Erwin Gemmer aliyeianzisha kazi hii katika miaka ya 1950 hakuwa na bunduki ya umeme hata kidogo: alilipasha moto pande la madini kwanza, kisha akalichovya katika unga uliokuwa ukitibuliwa na hewa kutoka chini, ukaganda palepale. Bunduki ilikuja baadaye, katika miaka ya 1960. Njia ya kuufikisha unga imegeuka; moto haukugeuka.

Hapo mahasimu wangu hufurahi, wakasema: unga nao haukugeuka. Naam. Lakini mkate wa mofa nao una unga, na Waswahili walipoupa jina hawakuutazama mtama, waliitazama mofa, kile kijitanuri cha udongo kinachoupa ladha. Na hili ndilo jibu ambalo nililiandika kwa barua ya kurasa nne, nikalipeleka mahali panapostahili, nikakaa miezi saba, nikaletewa mistari mitatu iliyoanza kwa kunishukuru. Mwingine, mtu wa elimu ambaye namheshimu, amenikumbusha kwamba hata rangi ya maji ya bodi za magari huokwa viwandani, kwa hiyo jina langu ni pana mno. Ni kweli, wala sikatai. Ila jina la kazi halidaiwi mipaka kama shamba. Msasa tunaoununua dukani ni karatasi, ilhali msasa wa asili ni mti ambao majani yake yakwaruzayo ndiyo waliyosugulia mbao wazee wetu; na sufuria, ambayo asili yake katika Kiarabu ni sufri, yaani shaba, leo imo katika kila jiko ikiwa ya alumini tupu, na hajasimama mtu akaishitaki. Nikifika hapo kwenye alumini sina budi kuongeza kwamba jina hilo, alilolitunga Mwingereza Humphry Davy mwanzoni mwa karne ya 19, limetoka katika neno la Kilatini la shabu, shabu hiihii ambayo kinyozi humpitishia mtu kidevuni. Na kwamba boksiti, jiwe linalozaa alumini, limo katika milima yetu ya Usambara, huko Magamba. Lakini nani aliuliza watu wa milimani?

Matumizi ni mepesi: rangi ya tanuri, rimu ya tanuri, kutia tanuri, rangi ya kopo iendelee kuitwa ya kupuliza. Mwenye rimu ajihadhari na kostiki, maana inaila alumini. Rimu iliyomiminwa katika kalibu ipashwe moto kwanza ili hewa iliyofungika ndani itoke. Joto lisipite kiasi likaidhoofisha. Na mahali pa kukaza nati pasiachwe na rangi nene, nati zikaja kulegea njiani.

Yupo fundi mmoja hapa, kijana wa adabu, ambaye tanuri hana; huzikusanya rimu za wateja, akazipeleka Dar es Salaam kwa basi, zikarudi zimekwisha tiwa. Nje ya banda lake ameandika juu ya ubao: TUNACHOMA RIMU. Na mlango wa pili pana mtu wa nyama.

"Fundi," nilimwambia, "kinachochomwa ni kile pale."

"Shikamoo, Mwalimu," akanijibu. "Ndivyo wateja wanavyoniuliza: rimu za kuchoma bei gani?"

Nilimweleza habari ya tanuri tangu Babeli, akasikiliza mpaka mwisho huku amesimama, na akakubali kuugeuza ubao pindi atakapopata rangi. Nikamnunulia kopo dogo la rangi nyeusi na brashi kwa fedha yangu. Juzi nimepita, ubao ni uleule, na kopo limekwisha: rangi yote ameimaliza kwa rimu mbili za bajaji, kwa ile brashi niliyomnunulia, taratibu, toka ukingoni hata katikati, na huko, nakiri, ndiko kupaka.